Asiransi ya Turiziki

Asubuhi ile Asiya alikuwa akigeuza ndagala, dagaa wa huko, kwenye mchanga wa pwani ya Rumonge. Ndagala wenyewe walikuwa wachache. Zamani walijaa mchangani hata mtu akakosa pa kukanyaga. Lakini vita ilikuwa imeingia mwaka wa nane. Kila waliposikia risasi milimani, wanajeshi walifunga ziwa. Ziwa likifungwa hakuna mtumbwi unaotoka, hata kama jikoni kwako hakuna kitu.

Mumewe, Ismaili, alikuwa amekaa kibarazani mbele ya moteri, injini ya mtumbwi wake. Aliipangusa kwa kipande cha kitenge. Haikuwa na vumbi, maana aliipangusa jana na juzi. Ismaili alipiga makasia miaka saba kabla ya kuipata moteri hiyo. Ndiyo iliyolisha nyumba na kusomesha watoto. Ndiyo iliyojenga hata hicho kibaraza alichokalia.

"Mke mwenzangu ameamka namna gani?" Asiya akamtania, beseni la ndagala likiwa kichwani.

"Ameamka muzuri," Ismaili akajibu bila kuinua kichwa. "Na hana makelele sawa wewe."

Walicheka wote wawili. Siku hizo vicheko vilikuwa adimu, lakini wiki ile nyumba yao ilikuwa na furaha. Binti yao wa kwanza, Tahira, alikuwa anaolewa. Bwana harusi, Shafii, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Nikaha ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Ilibidi bibi harusi apelekwe kwa heshima, pamoja na shangazi zake wawili, mikeka yake na sufuria zake. Kwa ziwa haikuwezekana. Na Asiya aliapa kwamba binti yake hataenda kwa mumewe amebanwa katikati ya madumu ya mawese ya watu.

"Tukodishe gari," akasema. "Mara moja tu katika maisha yetu."

Ismaili alikuna kidevu. Ujanani alikuwa ameendesha lori, na leseni yake, wanayoiita permi, alikuwa nayo bado.

"Haya," akasema. "Twende kwa Kassimu."

Kassimu alikuwa mfanyabiashara mwenye Hiasi ya buluu, basi dogo la abiria. Aliikodisha kwa harusi, kwa misiba, kwa yeyote aliyekuwa na shida. Alikuwa mtu mwema lakini alisema haraka, tena alikuwa na tabia ya kutafuna kijiti cha meno huku akisema.

"Gari iko," akawaambia. "Iko na asiransi yake ya lazima, ile kila gari inabeba. Lakini mukiivunja gari yangu, ile hailipi. Ni juu yenu. Sasa ni lazima mutaniachia kosyo."

Asiransi ni bima. Kosyo ni dhamana. Ni kitu unachoacha ili mwenye mali asipate hasara.

"Kitu gani?" Ismaili akauliza.

"Moteri yako. Itakaa kwangu mpaka gari irudi. Gari ikirudi muzima, unabeba moteri. Ikirudi imevunjika, utatengeneza. Ukishindwa, moteri inabaki."

Asiya hakumtazama mumewe.

"Na kama munataka," Kassimu akaendelea, kijiti kikihama upande wa pili wa mdomo, "muongeze asiransi ya tu risiki. Moteri itakaa kwangu vilevile. Kwa zile siku tu za safari. Mufikirie, mutaniambia."

Njiani Ismaili alitangulia kwa hatua ndefu. Hivyo ndivyo alivyotembea akiwa na hasira.

"Umesikia?" akasema mwishowe. "Asiransi ya turiziki! Astaghfirullah! Mutu anauza karatasi ya kulinda riziki! Riziki inatoka wapi? Kwa Kassimu? Mimi sinunui kitu kile. Nitaacha moteri, tutaenda pole pole, Mungu atatulinda."

Asiya naye alikuwa amesikia neno hilohilo, lakini masikio yake yalilichukua kwingine. Katika Kiswahili cha pwani ile, ukitia "tu" mbele ya kitu, unakifanya kiwe kidogo na cha kupendwa. Watoto wadogo ni tutoto. Samaki wadogo ni tusamaki. Basi kwa Asiya turiziki vilikuwa ni vile vitu vyao vidogovidogo: sufuria, mikeka, glasi za harusi, na magunia matatu ya ndagala aliyokuwa akipanga kuyapakia juu ya gari ili ayauze Bujumbura.

"Mimi naiona iko muzuri," akasema. "Turiziki twetu twote tutakuwa ndani ya karatasi. Gunia ikianguka, wanalipa."

"Wewe unataka kumuwekea Mungu asiransi!"

"Na wewe unataka kupeleka moteri kwa Kassimu bila karatasi yoyote!"

Walifika nyumbani wamenuniana. Wakala wamenuniana. Hata kesho yake asubuhi Asiya alimwekea chai bila kumwambia karibu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao.

Jirani yao aliitwa Rachelle, lakini watu walimwita Mama Naomie kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Kabla vita haijamfikisha Rumonge, alifanya kazi Bujumbura katika kampuni moja ya bima, wanayoiita nyumba ya asiransi. Kwa miaka tisa alipiga taipu mikataba ya watu na kuwapokea dirishani. Nyumba ile ilipofungwa, akaja Rumonge, na sasa alikaanga mandazi kando ya barabara.

Asiya alimpelekea kibakuli cha ndagala, akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote. Alipofika kwenye turiziki, Mama Naomie aliacha mwiko ndani ya karai.

"Rudia kidogo. Asiransi ya nini?"

"Ya turiziki."

Mama Naomie alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Mandazi mawili yakaungua. Kisha akanyamaza ghafla, akaepua karai motoni.

"Mama Tahira, nisamehe. Sikucheki wewe. Twende tuone muzee yako. Nimeona wanaume wazima wakilia mbele ya dirisha langu juu ya neno moja ambalo hawakuuliza."

Walimkuta Ismaili kibarazani, kitenge mkononi, moteri mbele yake.

"Amahoro, Papa Tahira."

"Amahoro, Mama Naomie. Karibu, kaa."

Mama Naomie alikaa. Hakuanza kufundisha mara moja. Aliuliza habari za ziwa, za magoti, za harusi. Kisha akasema, "Lile neno la Kassimu ni Kifaransa. *Tous* ni zote. *Risques* ni hatari. Alisema asiransi ya hatari zote. Hakutaja riziki hata kidogo."

Ismaili alimtazama mkewe. Asiya akatazama miguu yake.

"Basi hata turiziki twangu hatumo?" Asiya akauliza kwa sauti ndogo.

"Hatumo, dada yangu. Ngoja nieleze. Papa Tahira, tuseme umemugonga mutu wa kinga." Kinga ndilo jina la baiskeli huko. "Kinga yake imevunjika, mukono wake umevunjika. Nani anamulipa?"

"Mimi."

"Hapana. Ile asiransi ya lazima ndiyo inamulipa. Ile ni ya mutu wa inje, yule uliyemuumiza. Sasa taa ya Hiasi nayo imevunjika, mulango umeingia ndani. Ile ya lazima inalipa Hiasi?"

Ismaili akafikiri. "Kassimu amesema hailipi."

"Hailipi. Ndiyo maana anataka moteri. Hii ya kuongeza, hii ya hatari zote, ndiyo inatengeneza Hiasi. Ni hivyo tu. Haitengenezi sufuria. Haitengenezi gunia ya ndagala. Hata ikiitwa hatari zote, si zote."

"Na kama watu wa musituni wanatupiga risasi barabarani?"

Kila mtu pale alijua mtu aliyepotea kwenye barabara ile.

"Hailipi," Mama Naomie akasema. "Nimetaipu mustari ule mara elfu. Vita, fujo na uporaji, hailipi. Kwa vita hakuna karatasi, Papa Tahira. Kwa vita iko kwenda muchana, iko kwenda na wanajeshi, ao kuacha safari."

"Sasa inasaidia nini, na sisi tuko ndani ya vita?"

"Hata ndani ya vita ng'ombe wanavuka barabara. Freni zinakatika. Mimi nimekaa dirishani miaka tisa, na mwisho ile yote ilikuwa vita. Wengi niliowaona wakilia hawakuharibiwa na vita. Waliharibiwa na siku ya kawaida."

Ismaili alipangusa moteri mahali palipokuwa safi tayari.

"Mimi naogopa kitu kimoja," akasema. "Naogopa kumuonyesha Mungu kama simuamini."

Mama Naomie hakumcheka. "Hii moteri unaipaka mafuta ya nini?"

"Isipate kutu."

"Unaipaka juu humuamini Mungu?"

Ismaili alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Basi kila mutu ainunue?" Asiya akauliza. "Maana nayo iko na bei yake."

"Sijasema vile. Kwanza munauliza mwenye gari: haina tayari? Wengine wanayo, halafu unalipa mara mbili bure. Pili munauliza franshizi. Ile ni sehemu munayolipa nyinyi wenyewe hata mukiwa na asiransi. Asiransi hailipi yote, inaacha kipande kwako. Tatu, munauliza masharti, kitu gani kinaifanya ikatae kulipa. Halafu munajiuliza nyinyi wenyewe, hapa hapa kwenye baraza: gari ikivunjika kesho, tutalipa na nini? Kama ni kitu kidogo unaweza kukitoa na ukalala, acha, usinunue. Lakini kama ni kile kinachokulisha..."

Wote watatu walikuwa wakiitazama moteri.

Jumatatu walikwenda kwa Kassimu, na Mama Naomie akaenda nao. Kassimu akajibu kwamba gari lina asiransi ya lazima peke yake. Franshizi ilikuwa karibu sawa na bei ya magunia mawili ya ndagala. Asiya aliumia kuisikia, lakini alijua anaweza kuitoa na bado akalala. Basi wakalipia ile ya hatari zote kwa siku za safari.

Walizunguka gari lote. Mama Naomie alionyesha mkwaruzo kwenye bampa, kioo chenye ufa na bonde dogo mlangoni.

"Andika," akamwambia Kassimu. "Hivi vilikuwepo."

"Mama, wewe uko polisi?"

"Mimi niko mutu wa mandazi. Andika."

Kassimu akacheka, akaandika. Kisha Mama Naomie akasoma kontra, yaani mkataba, polepole, mstari kwa mstari. Dereva ni yule ambaye jina lake limeandikwa, si mwingine. Ajali ikitokea, lazima polisi waandike peve, karatasi ya kueleza ilivyotokea. Lazima nyumba ya asiransi iambiwe kabla siku tano hazijaisha.

Ismaili akatia saini. Kisha akaingia dukani kwa Kassimu na moteri yake begani. Akailaza chini, akaifunika kitenge, akatoka bila kugeuka. Itakaa humo mpaka safari iishe, na sasa Asiya alielewa vizuri kwamba gari likiumia, ile karatasi ndiyo itakayoirudisha nyumbani. Yale magunia yake matatu ya ndagala akayaacha Rumonge.

Wakati ule magari hayakwenda peke yao Bujumbura. Asubuhi yalipanga mstari kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani. Wanajeshi wakatangulia, wengine wakafuata nyuma. Asiya alitaka waondoke Jumatano, ili barabara ikifungwa wawe na siku ya akiba.

Jumatano hiyo, wakiwa kwenye mstari, Ismaili alianza kutetemeka. Alikuwa na malaria. Meno yaligongana hata akashindwa kusema vizuri.

Mdogo wake, Ramazani, alikuwa amekaa nyuma yake. Alikuwa dereva mzuri, pengine kuliko Ismaili. Akanyoosha mkono.

"Kaka, lete ufunguo. Lala nyuma."

Asiya akaufunika ufunguo kwa kiganja. "Jina lako halimo, shemeji."

"Ee! Nani atajua?"

"Karatasi itajua."

"Shemeji, wanajeshi wanapanda gari sasa hivi! Musafara unaondoka!"

"Basi uondoke. Wewe shuka, beba permi yako, twende kwa Kassimu akuandike."

Shangazi wa kwanza akaguna. Shangazi wa pili akasema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wengine wanapenda karatasi kuliko watoto wao. Tahira, na hina mikononi, akaanza kulia.

"Mama, musafara utatuacha!"

"Ukituacha tunaenda kesho. Nikaha iko Ijumaa."

Msafara uliwaacha. Walipotoka kwa Kassimu, jina la Ramazani likiwa limeandikwa na muhuri umegongwa, barabara ilikuwa tupu. Walirudi nyumbani na bibi harusi wao. Majirani wakachungulia madirishani. Asiya alikunja karatasi, akaitia kifuani, akaingia jikoni, akalia peke yake. Aliona haya. Alijiuliza kama hajawa mjinga wa karatasi, yeye asiyesoma hata barua bila kufuata maneno kwa kidole.

Alhamisi waliondoka. Ramazani alishika usukani, bado amenuna. Ismaili alilala kiti cha nyuma chini ya blanketi. Jua lilikuwa limepanda, michikichi pande zote mbili za barabara, ziwa likimeta upande wa kushoto bila mtumbwi hata mmoja.

Hawajafika Minago, kijana mmoja aliteremka mlimani na baiskeli iliyobeba madumu manne ya mawese. Kamba ikakatika. Dumu likaanguka, baiskeli ikayumba, kijana akaanguka katikati ya barabara.

Ramazani alikata usukani kwa nguvu. Hiasi ikampita kijana kwa upana wa mkono, ikapanda madumu, ikakwaruza ukuta wa daraja na kusimama.

Kisha Tahira akapiga kelele. Barabara yote ilikuwa nyekundu. Katika miaka ile, watu walipoona wekundu barabarani, si mawese waliyoyafikiria kwanza.

Asiya aliruka nje. Kijana alikuwa amekaa chini, mzima, amelowa mawese mpaka shingoni. Asiya alimshika kichwa, akamshika mikono, akamshika miguu.

"Uko muzima? Sema! Uko muzima?"

"Niko muzima, mama," kijana akasema. "Mawese ndiyo yamekufa."

Asiya alijikuta anacheka na kulia pamoja. Aliporudi kutazama gari, kicheko kikaisha. Taa ya kulia ilikuwa imevunjika na mlango umebonyea. Ndani, glasi sita za harusi zilikuwa vipande.

Mwanajeshi wa gari la nyuma akapiga kelele, "Hamuwezi kusimama hapa! Endeni!"

"Tumupe huyu kitu kidogo, twende," Ramazani akasema.

"Ndiyo, mama," kijana naye akasema. "Mimi sitaki polisi. Nipeni kidogo tu."

Asiya alitazama wekundu ule barabarani. Aliona moteri sakafuni kwa Kassimu, chini ya kitenge chake.

"Unaitwa nani, baba?"

"Bienfait. Ninaishi hapa Minago."

"Bienfait, ingia ndani ya gari na kinga yako. Msafara utasimama Minago kungoja magari mengine. Iko polisi pale. Ataandika peve. Sisi tutapata haki yetu, na wewe utapata yako. Nikikupa kidogo leo, kesho hatutapata kitu, wewe wala mimi."

Walimpakia Bienfait na baiskeli yake. Shangazi wa pili alisogea, mawese yakamchafua kitenge kipya, na kwa mara ya kwanza hakusema neno. Minago polisi akaandika: mahali, saa, jina la dereva, jina la Bienfait, kilichovunjika. Akagonga muhuri. Msafara ukaendelea kupitia Muhuta, na alasiri wakaingia Buyenzi. Watu walilipokea gari lenye taa moja kwa vigelegele. Ijumaa Tahira akaolewa.

Jumapili walirejesha Hiasi. Kassimu aliizunguka mara moja, kijiti kikasimama mdomoni.

"Nani aliendesha?"

"Ramazani."

"Basi imekwisha. Kontra ni ya Ismaili. Moteri inabaki."

Asiya alitoa mfuko wa plastiki kifuani. Akakunjua karatasi juu ya meza, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

"Soma hapa, kaka Kassimu. Mwandiko ni wako."

Kassimu akasoma. Akakitoa kijiti mdomoni.

"Kweli," akasema. "Mama, siku ile niliandika mbio mbio, nikasahau kabisa. Na peve?"

"Hii hapa."

Jumatatu Kassimu mwenyewe alipeleka karatasi. Lakini jibu halikuja siku hiyo, wala wiki hiyo, na bila jibu moteri haikutoka kwake. Na hapo ndipo Asiya alipoumia kuliko siku zote, kwa sababu wanajeshi walifungua ziwa. Mitumbwi ikatoka. Moteri za watu zikanguruma pwani nzima. Ismaili, aliyepona malaria, alikaa kibarazani na kitenge mkononi, bila kitu cha kupangusa. Hakumlaumu mkewe hata kwa jicho. Asiya angeona afadhali amlaumu.

"Watalipa?" alimuuliza Mama Naomie kila asubuhi.

"Kama masharti yote mumefuata, watalipa. Hawana haraka, lakini watalipa."

Wiki ya tatu jibu likaja. Nyumba ya asiransi ilikubali kutengeneza Hiasi. Ile ya lazima nayo ilimlipa Bienfait sehemu ya mawese yake. Asiya na Ismaili walitoa magunia mawili ya ndagala kwa ajili ya franshizi. Glasi sita hakuna aliyezilipa.

Ismaili hakungoja mkokoteni. Aliibeba moteri begani kutoka kwa Kassimu, akapita nayo sokoni mchana kweupe, jasho likimtiririka. Watu walimsalimu, naye akawajibu kama mtu anayetoka kumchukua mgonjwa hospitali. Asiya alifuata nyuma na kitenge.

Kabla ya kuingia ziwani, Ismaili alichukua kopo la rangi nyeupe. Kwa mkono wake mzito akaandika herufi kubwa ubavuni mwa mtumbwi: TURIZIKI.

Mama Naomie alikuwa amekuja na mandazi. Akasoma, akashika kiuno.

"Papa Tahira! Umekosea. Nilikuambia ni *tous risques*."

"Ile ni yao," Ismaili akasema, akichovya burashi. "Wao waliilinda Hiasi ya Kassimu. Hii ni turiziki twangu."

Akausukuma mtumbwi majini, akavuta kamba ya moteri. Mara ya kwanza haikuwaka, wala mara ya pili. Mara ya tatu ikanguruma, na Asiya akakaa chini mchangani, katikati ya ndagala wa watu, akaisikiliza mpaka ikawa mbali.